Kugawana Masafa ya 5 GHz Kwenye Kilima Kimoja: Mwongozo Kamili kwa Mafundi wa Intaneti ya Mtaani

Kilio ni kilekile kila mara. Linki, yaani njia ya redio kati ya antena mbili, ilikuwa inabeba megabiti 90 kwa sekunde, akaja mtoa huduma mwingine kwenye mnara wa jirani, na sasa ikifika usiku inabeba 12 na wateja hawaachi kupiga simu. Fundi anapanda juu na kuongeza nguvu ya kutuma. Jirani anaona linki yake inayumba, naye anaongeza. Wiki ya pili wote wawili wako chini kuliko walivyoanza.

Nguvu si dawa ya tatizo hili. Masafa yasiyo na leseni hayana mwenyewe, lakini chaneli ileile inaweza kutumiwa na watu kadhaa bila kuumizana iwapo kila mmoja anajulikana yuko wapi, anaelekea wapi na anachukua upana gani. Mwongozo huu unaonyesha namna ya kufanya mgao huo, kuanzia daftari hadi kubadili chaneli usiku bila kukata wateja. Unawahusu watoa huduma wadogo na mitandao ya jamii wanaotumia redio za 5 GHz kwenye vilima, minara na mapaa ya maghorofa.

## Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Simu au kifaa cha GPS kinachoonyesha koordinati kwa desimali.
- Lahajedwali moja, Excel au Google Sheets, ambayo wote mtaifungua.
- Redio moja ya akiba ya 5 GHz yenye uwezo wa kuchora spektra, yaani picha ya nguvu ya mawimbi kwenye kila masafa, pamoja na dishi dogo au sekta (antena inayohudumia pembe pana ya wateja). Redio zenu nyingi tayari zina kipengele hiki ndani ya menyu.
- Tepu ya kupimia ya mita 30.
- Betri au pawabenki ya PoE (inayopeleka umeme kwa waya wa mtandao), ili upime juu bila kuzima kifaa cha mtu.
- Mkanda wa usalama wa mwili mzima, kamba mbili za kujifunga, kofia ngumu, na mtu wa pili chini. Asiyekuwa na hivi asipande.
- Jedwali la masafa na viwango vya nguvu kutoka mamlaka ya nchi yako.
- Namba ya simu ya kila mwenye redio kilimani. Hiki ndicho kinachokosekana mara nyingi, na bila hicho hatua zote zinazofuata ni bure.

## Hatua ya 1: Jua sheria inakuruhusu nini

Anza na mamlaka: Kenya ni CA, Tanzania ni TCRA, Uganda ni UCC, Rwanda ni RURA. Tafuta majibu manne na uyaandike juu kabisa ya lahajedwali: ni sehemu zipi za 5 GHz zinazoruhusiwa nje ya jengo, nguvu ya juu kabisa inayoruhusiwa kutoka mbele ya antena (EIRP), kama kifaa chako kimeidhinishwa kuingia nchini, na kama unahitaji leseni ya kutoa huduma. Hili la mwisho huwaponza wengi. Kutolipia masafa hakumaanishi kwamba unaweza kuuza intaneti bila leseni.

Kwa mpango wa kilima, sehemu mbili ndizo zenye kazi.

Ya kwanza ni 5725 hadi 5875 MHz. Kanuni za kimataifa za redio zimeitenga kwa mitambo ya viwandani, kisayansi na kitabibu, na huduma za mawasiliano zinazofanya kazi humo zinatakiwa kuvumilia usumbufu wa mitambo hiyo. Mamlaka kwa kawaida haitakuja kumwondoa jirani kwa sababu amekuzibia hapa, hivyo kinga yenu ni makubaliano yenu wenyewe.

Ya pili ni 5470 hadi 5725 MHz, yenye chaneli kumi na moja za 20 MHz, kuanzia 5500 hadi 5700. Hapa kuna nafasi nyingi ambayo mafundi wengi wanaikwepa kwa sababu ya DFS, yaani utaratibu unaolazimisha redio kusikiliza rada kabla ya kutuma. Redio inasikiliza kwa sekunde 60 kabla ya kuanza. Ikisikia rada, inahama ndani ya sekunde 10 na hairudi kwenye chaneli hiyo kwa dakika 30. Kati ya 5600 na 5650, ambako nchi nyingi zina rada za hali ya hewa, kanuni za Ulaya, ambazo vifaa vingi vinazifuata, zinataka usikilizaji wa dakika 10. Ukiwasha redio hapo ukaona kimya, usiirudishe kiwandani. Inasikiliza.

Onyo. Usibadili nchi kwenye mipangilio ya redio ili kukwepa DFS au kupata nguvu zaidi. Redio iliyozimiwa DFS inaweza kuchora mistari ya uongo kwenye picha ya rada ambayo marubani na wataalamu wa mvua wanaitegemea. Hapo kosa lako limeshatoka kilimani.

Ukifanikiwa: una orodha fupi ya chaneli halali na kikomo cha EIRP kwa kila sehemu. Katika hesabu za hapa chini nitatumia 36 dBm kama mfano tu (dBm ni kipimo cha nguvu ya mawimbi; namba ikizidi kuwa hasi, nguvu ni ndogo zaidi). Weka namba ya nchi yako.

## Hatua ya 2: Andika kila kituo kwa mahali pake

Hili ndilo daftari la mgao. Kila antena inapata mstari wake, hata kama ziko tatu kwenye mlingoti mmoja. Safu zake ni hizi:

jina la mwenye kituo na simu. Latitudo na longitudo. Urefu wa antena kutoka ardhini. Koordinati za upande wa pili wa linki. Mwelekeo kwa nyuzi. Aina ya antena, ukuzaji wake kwa dBi (kiasi antena inavyokusanya nguvu upande mmoja) na upana wa mwale. Nguvu ya kutuma. Katikati ya chaneli na upana wake. Tarehe ya kuwashwa.

Koordinati ziandikwe kwa desimali tano. Desimali tano zinakupa usahihi wa takriban mita moja; desimali tatu zinakuacha na mita mia moja na zaidi, na kwenye mtaa wa maghorofa hilo ni jengo jingine kabisa.

Kusini mwa ikweta latitudo ina alama ya kutoa mbele. Ukiandika 1.28 badala ya −1.28, kituo cha Nairobi kinahamia karibu kilomita 280 kaskazini, na hesabu ya mwingiliano itakuambia hakuna tatizo. Kosa hili liko kwenye karibu kila daftari linaloandikwa na watu wengi. Lidhibiti kwa kuweka nukta zote kwenye ramani: kituo kitakachotua porini au baharini kimekosewa. Angalia pia waliogeuza latitudo na longitudo.

Mwelekeo usiupime kwa dira ya simu ukiwa umesimama kwenye mnara. Chuma cha mnara huivuta sindano na unaweza kupotea nyuzi 20 au zaidi. Piga hesabu ya mwelekeo kutoka koordinati za pande mbili za linki. Programu yoyote ya ramani inayochora mstari itakupa. Ukilazimika kutumia dira, shuka, sogea mita kumi kutoka kwenye chuma, kisha upime.

Ukifanikiwa: ukifungua ramani unaona kila linki kama mstari, na kila sekta kama kipande cha chungwa. Mara nyingi mizozo nusu hujieleza hapohapo, kwa sababu mnaona dishi mbili zinazotazamana kwenye chaneli moja.

## Hatua ya 3: Pima kelele, pande zote mbili

Mwingiliano humuumiza anayepokea. Kwa hiyo spektra safi ya kilimani haikuambii chochote kuhusu mteja aliye bondeni karibu na mnara wa mtu mwingine. Pima kilimani, kisha upime upande wa pili wa kila linki kubwa.

Tumia kipengele cha spektra, si orodha ya majina ya Wi-Fi. Orodha ile inaonyesha tu redio zinazotangaza jina kwa Wi-Fi ya kawaida. Redio nyingi za kilimani hutumia itifaki za kampuni zilizozitengeneza na hazionekani humo, ila kelele zake zipo. Fundi anaskani, anaona chaneli 5785 haina mtu, anahamia, kisha linki inakufa.

Utaratibu wenyewe:

1. Funga redio ya akiba kwenye urefu uleule wa antena itakayotumika. Mita mbili chini, nyuma ya tangi la maji, utapata majibu mengine.
2. Elekeza kaskazini na uache ichore dakika 10. Andika wastani na kilele kwa kila chaneli ya 20 MHz.
3. Geuza nyuzi 45 na urudie, mpaka uzungukie pande nane.
4. Fanya hivyo mara tatu: asubuhi saa 4, jioni saa 12, na usiku saa 3. Usiku ndio unaotawala uamuzi, kwa sababu ndipo watu wote wako mtandaoni na redio za jirani zinatuma muda mwingi.

Kumbuka kwamba kwenye redio nyingi kuchora spektra hukata linki inayobeba wateja. Ndiyo maana orodha ya vifaa ina redio ya akiba.

Namna ya kusoma: kwenye upana wa 20 MHz, redio ya kawaida ikiwa mahali patulivu huona kelele ya karibu −95 dBm. Hadi −90 ni pazuri. Ikifika −85, panga kwa uangalifu. Ikiwa −80 au zaidi upande unaopokelea, chaneli hiyo tayari ina mtu upande huo, hata kama humjui.

Ukifanikiwa: una jedwali la pande nane kwa idadi ya chaneli, lililojazwa namba za usiku.

## Hatua ya 4: Piga hesabu ya kila linki kabla ya kuigusa

Bila hesabu huwezi kujua kama linki ni mbovu kwa sababu ya jirani au kwa sababu dishi limelegea. Fomula ni moja:

Upotevu wa njiani kwa dB = 32.44 + 20 log (kilomita) + 20 log (MHz).

Chukua linki ya kilomita 8 kwenye 5800 MHz, dishi la 25 dBi kila upande. Upotevu ni 125.8 dB. Ukituma kwa 11 dBm, mbele ya dishi inatoka 36 dBm. Toa 125.8, ongeza 25 za dishi la upande wa pili, unapata mapokezi ya karibu −65 dBm.

Sasa linganisha na kelele. Ikiwa ni −92, tofauti ni 27 dB, inatosha redio kutumia 64-QAM, namna ya haraka ya kupakia data ambayo haivumilii kelele. Ikiwa ni −80, tofauti ni 15 tu na redio itashuka hadi 16-QAM, iliyo ya polepole zaidi. Linki ileile, dishi lilelile, na kasi imekatwa nusu au zaidi kwa sababu ya kelele peke yake.

Kagua pia njia. Kuonana kwa macho hakutoshi. Kwa linki hii ya kilomita 8, eneo la Fresnel, yaani nafasi inayozunguka mstari ambamo mawimbi hupita, katikati ya njia lina nusu kipenyo cha mita 10, na asilimia 60 yake, yaani mita 6, lazima iwe wazi. Ongeza karibu mita 1 ya mviringo wa dunia. Mkaratusi uliokuwa chini ya mstari mwaka juzi leo uko ndani yake, na mvua ikilowesha majani hali huwa mbaya zaidi. Linki inayokufa msimu wa masika na kufufuka kiangazi, mtazame mti kabla ya kumlaumu jirani.

Njia ikiwa wazi na mapokezi yakiwa chini ya hesabu kwa 10 dB au zaidi, huenda dishi limeelekezwa kwenye mwale wa pembeni. Dishi la 25 dBi lina mwale mkuu wa nyuzi 8 hadi 10 hivi, na kando yake kuna miale midogo inayodanganya. Fundi anazungusha taratibu, namba inapanda, anaona imeanza kushuka, anakaza nati, kumbe amekaa kwenye kilele cha uongo. Zungusha uvuke vilele vyote vitatu, kisha urudi kwenye cha katikati. Fanya vivyo hivyo juu na chini. Dishi la namna hii ni adui wa wote: mwenyewe hapati, na mwale wake mkuu unampiga mtu asiyehusika.

## Hatua ya 5: Punguza upana kabla ya kugombea chaneli

Kati ya 5735 na 5835 MHz mna chaneli tano tu za 20 MHz: 5745, 5765, 5785, 5805 na 5825. Mtu mmoja akiweka 80 MHz amechukua nne kati ya tano. Amebakiza moja kwa kilima kizima. Hapa ndipo mazungumzo yenu yaanzie, na huyo wa 80 MHz mara nyingi hajui, kwa sababu redio ilitoka kiwandani hivyo.

Kupunguza upana si hasara kama inavyodhaniwa. Kila ukigawa upana kwa mbili, kelele inayoingia inapungua 3 dB. Redio ya mikondo miwili (inayotuma mifululizo miwili ya data kwa pamoja) kwenye 20 MHz ikipata nafasi ya 64-QAM ya juu hufikia kasi ya redio ya megabiti 144. Redio hiyohiyo kwenye 40 MHz yenye kelele, ikishuka hadi 16-QAM ya chini, hufikia 120. Upana umeongezeka maradufu na kasi imepungua.

Kanuni inayofaa: linki ya mteja mmoja au sekta ya nyumbani, 20 MHz. Linki inayolisha mtaa mzima, 40 MHz ikiwa trafiki yake ya usiku inaihitaji, na mwenye linki aonyeshe grafu. 80 MHz isiruhusiwe kilimani.

## Hatua ya 6: Gawa chaneli kwa mwelekeo

Hapa ndipo mahali panapozaa masafa. Tazama mfano huu kwa makini.

Kituo cha A na kituo cha B viko umbali wa kilomita 12, wote kwenye 5800 MHz, chaneli ileile. Kila mmoja anatuma 36 dBm mbele ya dishi la 25 dBi. Upotevu kati yao ni 129.3 dB.

Madishi yakitazamana, B anampokea A kwa 36 − 129.3 + 25, yaani −68 dBm. Mawimbi ambayo B anayataka yanamfikia kwa −65, tofauti ya 3 dB tu. Linki imekufa.

Sasa madishi yaelekee pembeni, kila moja likimpa mwenzake ubavu, ambako ukuzaji umepungua kwa 25 dB. A anatoa 11 dBm kuelekea kwa B, toa 129.3, dishi la B linaongeza 0. Jibu ni −118 dBm. Hiyo iko chini kabisa ya kelele na redio ya B haijui kama A yupo duniani.

Umbali haukubadilika, chaneli haikubadilika, nguvu haikubadilika. Mwelekeo peke yake umeleta tofauti ya 50 dB. Kwa sababu hii daftari la Hatua ya 2 lina safu ya mwelekeo, na kwa sababu hii kumpa mtu "chaneli 5800 ya kilima chote" ni kupoteza mali ya umma.

Gaweni hivi:

1. Panga linki zote kwa uzito: zinazolisha mitaa kwanza, sekta za wateja baadaye, linki za mtu mmoja mwisho.
2. Chukua ya kwanza. Mpe chaneli yenye kelele ndogo zaidi upande anaopokelea, ukitazama jedwali la Hatua ya 3 kwa pande zote mbili za linki.
3. Chukua inayofuata. Jaribu kwanza chaneli ambayo tayari imetumika upande mwingine wa kilima. Piga hesabu ya mwingiliano kwa kila aliyekwisha kupangwa, kama ule wa A na B.
4. Kubali iwapo mwingiliano uko angalau 6 dB chini ya kelele ya anayelindwa. Ukiwa 6 dB chini, kelele yake inapanda kwa 1 dB tu. Ukiwa sawa na kelele yake, inapanda kwa 3, na wakiongezeka watatu wa namna hiyo amekwisha.
5. Ikishindikana, jaribu chaneli nyingine. Zikiisha zote, punguza nguvu ya mgeni au badilisha antena yake iwe na mwale mwembamba zaidi.

Kuhusu nguvu: kila linki ipunguzwe mpaka mapokezi yawe karibu −60 hadi −65 dBm na si zaidi. Linki ya kilomita 1 inayopokea −38 inapiga kelele mtaa mzima bila faida yoyote kwa mwenyewe.

## Hatua ya 7: Redio nyingi kwenye mlingoti mmoja

Hii ni hesabu ya peke yake, na ndiyo inayowashinda wengi, maana watu hudhani antena zikipeana mgongo zimekwisha kutengana.

Weka madishi mawili umbali wa mita 3, kila moja likimwonyesha mwenzake ubavu wa 0 dBi. Upotevu wa mita 3 kwenye 5800 MHz ni kama 57 dB. Redio ya kwanza ikituma 11 dBm, ya pili inaisikia kwa −46 dBm. Linki yake inataka −65. Chaneli moja haiwezekani hapo.

Sasa watenganishe kwa chaneli inayofuata, katikati hadi katikati 20 MHz. Redio ya aina ya Wi-Fi inaruhusiwa kuvuja hadi 28 dB tu chini ya kilele chake kwa umbali huo. Kelele inayobaki inaweza kufika −74. Bado ni nyingi mno. Kwa 40 MHz katikati hadi katikati, kikomo cha uvujaji ni 40 dB, inabaki −86. Inavumilika, lakini haipendezi.

Kwa hiyo kwenye mlingoti mmoja fanyeni yote matatu: acheni angalau 20 MHz tupu kati ya chaneli mbili, tenganisheni antena kwa kwenda juu badala ya ubavuni, mita 2 au zaidi, kwani antena nyingi hutoa kidogo sana juu na chini yake, na tumieni mwili wa mnara kama kinga, moja upande huu na nyingine upande ule. Dishi lenye ukingo mrefu wa chuma kuzunguka mdomo wake hugharimu zaidi na linastahili bei hiyo hapa.

Njia ya nne ni kutuma kwa wakati mmoja. Redio zenye GPS ndani zinaweza kukubaliana wote watume pamoja na wote wapokee pamoja, hivyo hakuna anayesikiliza wakati mwenzake anapiga kelele. Sekta nne za nyuzi 90 zinaweza kutumia chaneli mbili tu, zinazotazama kinyume zikishirikiana moja. Masharti ni makali: redio za mfumo mmoja, urefu uleule wa fremu (kipande cha muda cha kutuma na kupokea), na uwiano uleule wa kushusha na kupandisha, kwa mfano 75 kwa 25. Mmoja akibadili uwiano wake kimyakimya anawaharibia wote.

## Hatua ya 8: Andikeni makubaliano ya kurasa mbili

Mgao usioandikwa hudumu mpaka fundi mmoja aache kazi. Mambo ya kuweka:

Haki ni ya kipande. Andikeni: "Mtoa huduma C, 5745 MHz, upana wa 20, kutoka nukta fulani, mwelekeo 310 hadi 20, EIRP isizidi kiasi fulani." Nje ya kipande hicho chaneli iko wazi kwa mwingine.

Anayeingia hutoa taarifa. Siku 7 kabla ya kuwasha, akiwa na mstari kamili wa daftari na hesabu yake. Asiyejibu ndani ya siku hizo amekubali.

Aliyetangulia analindwa kwa alichoandika. Kama daftari linasema dishi la 25 dBi naye amefunga kiantena kipana kinachosikia kila upande, hawezi kudai kinga ya dishi.

Isiyotumika siku 60 inarudi kwenye kapu. Bila kifungu hiki watu watashikilia chaneli kwa ajili ya mradi wa mwakani.

Mtunza daftari ni mmoja, hubadilishwa kila miezi sita. Wengine wasome tu. Lahajedwali inayohaririwa na watu sita haiaminiki mwezi wa pili.

Msiandike kifungu chochote kinachomzuia mtu mpya kuingia, wala kinachogusa bei. Haya ni makubaliano ya kiufundi. Yakigeuka kuwa uzio wa biashara mtajibu kwa sheria za ushindani.

## Hatua ya 9: Hamieni usiku mmoja

Chagueni saa 8 hadi saa 10 usiku, siku ya katikati ya wiki, na wote muwe kwenye simu moja ya pamoja. Nusu ya watu wakihama na nusu wakabaki, hali inakuwa mbaya kuliko ya kwanza.

Siku moja kabla, fungueni redio za wateja na muongeze chaneli mpya kwenye orodha ya zile wanazoruhusiwa kutafuta. Hili likisahauliwa, sekta inahama, wateja hawaijui chaneli mpya, na kesho unapanda mapaa 40.

Kwenye linki ya pande mbili, badilisha upande wa mbali kwanza, kisha wa karibu. Ukianza na ulioko karibu umejifungia mlango nje. Kama redio ina kipengele cha kurudi kwenye mipangilio ya zamani yenyewe baada ya dakika chache, kiwashe. Hifadhi nakala ya mipangilio ya kila redio kabla ya kugusa chochote.

Ukifanikiwa: mapokezi yako ndani ya 3 dB ya hesabu ya Hatua ya 4, mikondo miwili ya redio inapishana kwa chini ya 4 dB, na usiku unaofuata saa 3, wakati wa msongamano, kasi haishuki chini ya robo tatu ya ile ya mchana. Kipimo cha mwisho ndicho cha kuamini. Kasi nzuri ya saa 9 alfajiri haimaanishi kitu.

## Hatua ya 10: Mtu akilalamika

Usianze na lawama. Fuata mpangilio huu: linganisha mapokezi na hesabu. Kama mapokezi yameshuka, tatizo ni la mlalamikaji mwenyewe: dishi limesogea, maji kwenye kiunganishi, mti, au, kwa walio pwani, chumvi imekula vishikizo na dishi limeinama. Kama mapokezi ni yaleyale na kelele imepanda, kuna mtu.

Kumjua, fanyeni jaribio la kuzima na kuwasha. Mlalamikaji awashe spektra upande unaoumia; kila mshukiwa azime redio yake kwa dakika mbili kwa zamu, kwa saa iliyopangwa, wakati wote wanaangalia mchoro mmoja. Kelele ikishuka na kupanda pamoja na swichi ya mtu, hakuna ubishi uliobaki. Rudieni mara mbili ili isiwe bahati.

Kelele isiposhuka kwa yeyote, chanzo hakiko kwenye daftari. Geuza redio ya akiba taratibu mpaka kelele iwe juu kabisa na uchore mstari huo kwenye ramani. Nenda sehemu ya pili, kilomita moja au mbili kando, uchore mwingine. Inapokatana ndipo alipo, na mara nyingi utakuta ni mtu wa heri aliyefunga redio ya kamera za shamba kwa mipangilio ya kiwandani.

Na kama chaneli zimeisha kweli, baada ya kupunguza upana na nguvu, linki kubwa zitoke kwenye 5 GHz ziwaachie wateja. Linki fupi zisizofika kilomita moja zinaweza kwenda 60 GHz pale inaporuhusiwa; hewa yenyewe hunyonya karibu 15 dB kwa kila kilomita hapo, jambo linalozuia kelele zisisafiri, ila mvua kubwa huikata. Linki ndefu zinazolisha mitaa ziombewe masafa yenye leseni ya mikrowevu, ambako mamlaka hufanya hesabu hii ya mahali na mwelekeo kwa niaba yako na kukulinda. Maombi hayo yatakudai koordinati, urefu, mwelekeo na ukuzaji wa antena za pande zote mbili. Yote yako kwenye daftari tayari.